Shajara ya mradi: silaha ngazi ya 11, ninunue au ningoje?

Jumamosi

Mradi huu una swali moja tu. Nina manowari 400 katika OGame, mchezo wa vita vya anga unaochezwa kwenye kivinjari, ulioanzia Ujerumani mwaka 2002. Silaha, ngao na deraya zangu zote ziko ngazi ya 10, na maabara haina kazi. Silaha ngazi ya 11 inadai chuma 819,200 na kristali 204,800. Je, mali hiyo niipeleke kwenye utafiti, au niipeleke karakana nitoke na meli zaidi?

Kwenye muungano wetu swali hili hujibiwa kwa sekunde. Kuna wanaosema utafiti hauporwi wala haulipuliwi, basi panda ngazi kila unapoweza. Kuna wanaosema ngazi za juu ni za kujionyesha tu, mwenye akili anajenga meli. Nimesoma majibu ya pande zote mbili na hakuna hata moja linaloanza kwa kuuliza: una meli ngapi? Mimi naona bila hilo hakuna jibu. Ngazi moja ya silaha inaongeza nguvu kwa kila bunduki uliyo nayo, kwa hiyo thamani yake kwa mwenye manowari 50 haiwezi kuwa sawa na thamani yake kwa mwenye 2,000, ingawa bei ni ileile.

Nitakachotengeneza ni lahajedwali. Unaingiza ngazi ulizo nazo na kikosi chako, linakwambia "nunua" au "ngoja", na linaonyesha hesabu iliyolifikisha hapo. Nahesabu kwa ulimwengu wa kasi ya 1, bila maofisa na bila bonasi za ziada.

Jumapili

Nimeanza na bei, kwa sababu ndiyo rahisi. Ngazi ya kwanza ya silaha ni chuma 800 na kristali 200. Kuanzia hapo kila ngazi ni mara mbili ya iliyotangulia, ndiyo maana ya 11 imefika milioni na ushei. Faida nayo ni asilimia 10 kila ngazi, lakini ni asilimia 10 ya nguvu ya msingi ya meli, siyo ya nguvu uliyofikia jana. Aliye ngazi ya 10 anapiga mara 2.0 ya nguvu ya msingi. Akipanda ya 11 anapiga mara 2.1. Ongezeko lake halisi ni asilimia 5. Kwa maneno mengine, ngazi ya kwanza ilinipa asilimia 10 kwa mali 1,000, na ya 11 inanipa asilimia 5 kwa mali 1,024,000.

Kabla ya kulinganisha chochote na chochote, lazima mali ziwe na kipimo kimoja. Chuma kinachimbwa kwa wingi, kristali kwa uchache, deuteri, ambayo pia ndiyo mafuta ya meli, kwa tabu. Nimechukua kiwango cha kubadilishana kinachotumika sana kati ya wachezaji, 3:2:1, yaani chuma 3 ni sawa na kristali 2 na ni sawa na deuteri 1. Kila kitu nakigeuza kuwa chuma: kristali nazidisha kwa 1.5, deuteri kwa 3.

Kwa kipimo hicho silaha ngazi ya 11 inagharimu 1,126,400. Ngao ngazi ya 11 (chuma 204,800, kristali 614,400) inagharimu 1,126,400 vilevile, ingawa ukiangalia namba zake zikiwa mbichi inaonekana nafuu. Deraya ngazi ya 11 ni chuma kitupu, 1,024,000. Manowari moja ni chuma 45,000 na kristali 15,000, yaani 67,500.

Kwa hiyo bei ya silaha ngazi ya 11 ni sawa na manowari 16 na robo tatu hivi. Na asilimia 5 ya manowari 400 ni 20. Ukiishia hapa, utafiti umeshinda: 20 ni zaidi ya 16. Nadhani watu wengi wanaishia hapa, na lahajedwali lingeweza kuishia hapa pia na kuonekana limekamilika.

Jumatatu usiku

Haliwezi kuishia hapo. Manowari mpya haiji na bunduki peke yake, inakuja na bodi lake (mwili wa meli, ambao deraya huuimarisha) na ngao yake. Inapiga, na pia inapokea risasi ambazo zingeishia kwa mwenzake. Utafiti wa silaha unaongeza kupiga tu.

Tofauti hii ilishapigiwa hesabu zamani. Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza, alichapisha milinganyo yake ya mapigano mwaka 1916, akifikiria ndege za vita. Katika pigano ambalo kila mmoja anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi ni ubora wa kila mpiganaji ukizidishwa kwa idadi yao kipeo cha pili. Vita vya OGame vinakaribia sana hali hiyo: kila raundi, kila meli inachagua shabaha kwa bahati nasibu kati ya meli zote za upande wa pili, na raundi hazizidi 6.

Idadi ikiingia kwa kipeo cha pili na silaha ikiingia mara moja tu, basi asilimia 5 ya silaha inalingana na kipeuo cha pili cha 1.05, yaani asilimia 2.47 ya meli. Kwangu mimi hiyo ni manowari 9.9. Pesa ileile karakana inanipa 16.7. Jibu limegeuka: ngoja.

Nimegeuza hesabu ili itoe kizingiti cha kila ngazi, yaani idadi ya manowari ambayo kuanzia hapo utafiti unaishinda karakana. Silaha ngazi ya 9 inalipa ukiwa na manowari 152. Ngazi ya 10 inataka 321. Ya 11 inataka 676, na ya 12 inataka 1,418. Kila hatua ni zaidi kidogo ya mara mbili ya iliyopita, kwa sababu bei inaongezeka maradufu na ongezeko la faida linapungua kwa wakati mmoja.

Deraya, kwa kuwa ni nafuu kidogo na haigusi kristali, kizingiti chake kwa ngazi ya 11 ni manowari 614. Kwa mtu ambaye ghala la chuma linafurika na kristali ndiyo inayombana, deraya inaweza kutangulia. Karakana haiwezi kumsaidia, maana kila manowari inadai kristali yake.

Jumanne

Ngao, kwa ufupi. Manowari ina ngao 200 za msingi na bodi la 6,000. Ngazi moja ya ngao inaongeza pointi 20. Ngao inajazwa upya kila raundi, kwa hiyo vita ikifika raundi zote 6 na meli ikapigwa kila raundi, nimepata pointi 120. Ngazi moja ya deraya inaongeza 600 palepale. Kwa bei zinazokaribiana, moja inatoa mara tano ya nyingine, na hiyo ni katika hali nzuri kabisa kwa ngao. Kwa kikosi cha manowari sioni sababu ya kupandisha ngao kupita ngazi zinazofungua vitu vingine, kama ngazi ya 5 inayohitajika ili kutafiti teknolojia ya haipaspesi, au ya 6 inayofungua kuba kubwa la ngao kwa ajili ya sayari. Lahajedwali litasema "ngoja" kwa ngao karibu muda wote na niko tayari kulitetea.

Jumatano

Leo nimeshuka kutoka kwenye asilimia za kikosi kizima hadi risasi moja, kwa sababu mwenzangu mmoja wa muungano ameniandikia: "Ndugu yangu, hesabu yako inadhani faida inakuja taratibu. Vitani faida inakuja kwa kuruka." Yuko sahihi, na sehemu hii ndiyo imenifurahisha kuliko zote.

Chukua kruza, aina nyingine ya meli za vita, inayopiga meli nyepesi ya kivita, ile ndogo ya chuma 3,000 na kristali 1,000. Kruza ina silaha 400. Meli nyepesi ina bodi la 400 na ngao 10. Pande zote mbili zikiwa ngazi ya 10, risasi ni 800, ngao inameza 20, na 780 zinatua kwenye bodi la 800. Meli ikishapoteza asilimia 30 ya bodi, inaweza kulipuka, na uwezekano wa kulipuka ni sawa na asilimia iliyopotea. Hapa ni 97.5. Nikipanda silaha ngazi ya 11, risasi ni 840, bodi linamalizwa lote, uwezekano ni 100. Kwa hiyo zaidi ya milioni moja imeninunulia asilimia 2.5 za mwisho. Nikipanda ya 12 sipati kitu kabisa katika pambano hili, maana meli iliyokwisha kufa haifi tena. Nguvu yote ya ziada inamwagika.

Tena kruza dhidi ya meli nyepesi ina kipaji ambacho hakiuzwi maabara: inaweza kufyatua tena na tena ndani ya raundi moja, wastani wa risasi 6 ikiwa shabaha zote ni meli nyepesi. Hakuna ngazi inayoongeza hilo. Anayekutana na makundi ya meli nyepesi kila usiku, karakana ikimtolea kruza itamsaidia kuliko utafiti wowote wa silaha.

Sasa ligeuze. Kruza ndiyo inayopigwa, na mpigaji ni manowari ya ngazi ya 10. Risasi ni 2,000. Ngao ya kruza kwa ngazi ya 10 inameza 100, zinabaki 1,900. Bodi la kruza kwa deraya ngazi ya 10 ni 5,400, kwa hiyo risasi ya kwanza inaondoa asilimia 35.2, na hiyo ndiyo nafasi ya kulipuka. Panda deraya: ngazi ya 11, asilimia 33.5. Ya 12, asilimia 32.0. Ya 13, asilimia 30.6. Kila ngazi inapunguza kidogo tu. Kisha ngazi ya 14 bodi linafika 6,480, hasara inakuwa asilimia 29.3, chini ya mstari wa 30, na nafasi ya kulipuka kwa risasi ya kwanza inaanguka kutoka 30.6 hadi sifuri.

Ngazi ya 14 peke yake ni chuma 8,192,000. Kutoka 10 hadi 14 ni 15,360,000. Na kinga hii inadumu kwa risasi moja tu. Ya pili inapokuja katika raundi ileile, ngao imeshaisha, hasara inafika asilimia 60, na kruza inarudi kwenye bahati nasibu. Basi mruko huu una maana kwa mtu mwenye kruza nyingi kuliko risasi zinazokuja kila raundi. Kwake yeye kupanda hadi 13 na kusimama hapo ndiyo matumizi mabaya kuliko yote, afadhali angebaki 10 au angemalizia 14. Na adui akipanda silaha ngazi moja mstari unasogea tena.

Nimeongeza ukurasa wa pili kwenye lahajedwali kwa ajili ya mistari hii: unaingiza meli yako, meli ya adui unayekutana naye zaidi, na ngazi zake kama chombo cha upelelezi kilivyozileta. Ukurasa unaonyesha ni ngazi ipi inayofuata ambayo inavuka mstari. Kwa manowari zangu dhidi ya manowari wenzake hakuna mstari ulio karibu kwa risasi ya kwanza: risasi 2,000, ngao 400, zinabaki 1,600 kwenye bodi la 12,000. Hapo faida inakuja taratibu kweli, na hesabu ya Jumatatu inatosha.

Alhamisi

Injini. Hapa ndipo nimeona mali nyingi zikipotea.

Kasi ya msafara ni kasi ya meli iliyo nyuma ya wote. Manowari zangu, kwa injini ya haipaspesi ngazi ya 7, zina kasi ya 31,000. Meli kubwa za mizigo nazopeleka nazo, kwa injini ya mwako ngazi ya 12, zina 16,500. Nikitafiti haipaspesi ngazi ya 8 kwa mali yenye thamani ya chuma 7,424,000, msafara wa uvamizi hauongezi hata sekunde moja ya haraka. Manowari zikienda peke yake, umbali wa mifumo 50, safari inashuka kutoka dakika 90 na nusu hadi 86 na nusu. Muda unapungua kwa kipeuo cha pili cha kasi, kwa hiyo hata meli zinazonufaika zinanufaika nusu tu.

Sawa, nipandishe injini ya mwako basi, kwa kuwa ndiyo inayochelewesha? Ngazi ya 13 ni chuma 1,638,400 na deuteri 2,457,600. Kwa kipimo changu ni zaidi ya 9,000,000. Umbali uleule, msafara wenye meli kubwa za mizigo unatoka dakika 124 hadi 121. Dakika tatu kasoro.

Njia ya tatu haimo maabara. Meli ndogo ya mizigo, ukishafika ngazi ya 5 ya injini ya msukumo, inahamia kwenye injini hiyo na kasi yake ya msingi inatoka 5,000 hadi 10,000. Mimi niko ngazi ya 8 ya msukumo, kwa hiyo zinakimbia 26,000. Kubeba mzigo wa milioni moja nahitaji meli ndogo 200, zenye thamani ya chuma 1,000,000. Safari ileile inashuka hadi dakika 99. Dakika 25 kila upande, kwa sehemu ya tisa ya bei ya zile dakika tatu.

Mafuta yanaongezeka, na hili lazima lisemwe. Manowari zinazokimbia karibu na kasi yake kamili zinakunywa zaidi, na meli ndogo zenyewe ni walaji. Kwa msafara wa manowari 100 na mzigo wa milioni moja, nimepata deuteri karibu 9,000 zaidi kwa kila uvamizi. Kwa mzigo uliojaa ni bei ndogo. Kwa uvamizi wa mali 150,000 siyo ndogo, na hapo nitapeleka meli kubwa chache na kuvumilia mwendo wa polepole.

Ijumaa

Maabara inafanya utafiti mmoja kwa wakati, na hilo nalo ni gharama. Silaha ngazi ya 11 kwa maabara ya ngazi ya 10 inachukua saa 93. Saa hizo zote hakuna kingine kinachotafitiwa. Mshindani wake mkubwa kwangu ni teknolojia ya kompyuta ngazi ya 11, inayonipa nafasi ya 12 ya kutuma misafara. Namba mbichi ni ileile 1,024,000, lakini ni kristali 409,600 na deuteri 614,400, ambayo kwa chuma ni 2,457,600. Mara mbili na zaidi ya silaha. Nafasi moja zaidi juu ya 11 ni misafara asilimia 9 zaidi kwa anayezijaza zote. Mimi nazijaza siku za mapumziko tu.

Nimeweka pia mgodi wa chuma ngazi ya 26 kama kipimo cha kulinganishia. Takriban chuma 1,515,000 na kristali 379,000, unaongeza chuma 1,170 kwa saa. Unajilipa kwa siku 74, bila kuhesabu nishati, kisha unaendelea kutoa. Kila safu ya lahajedwali sasa ina mgodi pembeni, ili anayeambiwa "ngoja" aone pa kuipeleka mali huku akingoja. Maabara kuwa wazi siyo sababu ya kununua ngazi.

Jumapili

Nimenunua meli ndogo za mizigo 200 na nimeanza mgodi wa 26. Silaha ngazi ya 11 nimeiandikia masharti: manowari 676, au vita vya muungano dhidi ya kikosi kinacholingana na changu. Kwa sasa navamia sayari zilizolindwa na makombora na meli chache, vita ninavyoshinda bila kutia jasho. Asilimia 5 ya silaha haibadilishi matokeo ya vita ambavyo tayari nimeshinda. Dakika 25 zinabadilisha, maana mwenye sayari akirudi kabla sijafika, anaondoka na mali yake.

Mwenzangu yule wa Jumatano ana manowari 900 na anapigana na vikosi vikubwa. Nimempa lahajedwali aweke namba zake. Limemjibu "nunua" kwa silaha 11 na deraya 11, "ngoja" kwa silaha 12, na "ngoja" kwa ngao. Ameanza na deraya, kwa kuwa chuma anacho tele. Maabara yake iko ngazi ya 12, atamaliza baada ya saa 79.

Kilichobaki ni vikosi mchanganyiko. Kizingiti kinahesabiwa kwa manowari tupu, na anayechanganya kruza na manowari kwa sasa inabidi ajumlishe thamani yote ya chuma kisha agawanye kwa 67,500. Nataka ukurasa ufanye hivyo wenyewe, halafu uisome meli dhaifu zaidi kwenye kundi dhidi ya mstari wa asilimia 30.